Koti la mwindaji bata la mtumba: linamfaa nani hapa Malindi?

Nianze na jibu, maana najua kuna watakaosoma wakiwa wamesimama mbele ya kibanda huku muuzaji amewakodolea macho. Koti hili linunue ikiwa kazi yako ni kukaa. Kama kazi yako ni kutembea, kubeba mizigo, kuvuta nyavu au kuendesha boda mchana kutwa, liache pale pale linaponing'inia. Litakupika.

Mimi kazi yangu ni kukaa. Natembeza wageni wanaopenda ndege, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika mdomoni mwa Mto Sabaki, kaskazini ya mji, kabla jua halijachomoza. Asiyeijua kazi hii hudhani ni matembezi. Matembezi ni kidogo tu: unavuka mchanga, unakanyaga matope, unawaonyesha wageni viboko walipo ili wasiwakaribie, kisha unachuchumaa nyuma ya kichaka ukingoja mwanga. Hapo ndipo kazi inapoanza, na hapo ndipo baridi inapokukuta. Ndugu zangu wa Nairobi watacheka wakisikia mtu wa Malindi analalamikia baridi. Waje Julai, kusi likivuma kutoka baharini, suruali imelowa umande, mbu wanakula masikio, nao wamekatazwa kutikisika.

Kwa muda mrefu nilikuwa nikivaa koti la mvua la plastiki la rangi ya bluu, yale yanayouzwa madukani ya pikipiki. Maji hayapiti, lakini linapiga kelele. Ukiinua mkono kushika darubini, linachakarika, na membe wote waliolala kwenye kisiwa cha mchanga wanainuka kwa pamoja. Mgeni hakuambii kitu, ila kwenye bahasha ya shukrani unaona mwenyewe.

Koti hili nililipata sokoni, belo la majaketi lilipofunguliwa. Wanaonunua mitumba wanajua siku hiyo ilivyo. Watu hurauka, wanapanga foleni isiyokuwa foleni, kila mtu amejifanya hana haraka, na kamba ya belo ikikatwa tu heshima inakwisha. Wa kwanza wanachagua kamera, yaani nguo bora kuliko zote, sisi wengine tunafuata, na wa jioni wanabaki na fagia, yale masazo. Mimi sikuwa wa kwanza. Koti nililiona limetupwa kando kwa sababu kila aliyeligusa alidhani ni la jeshi.

"La jeshi sitaki, mama," nikamwambia muuzaji.

"Jeshi gani, baba? Umeona wapi jeshi limevaa nyasi? Hebu litazame."

Nikalitazama. Kweli ni nyasi. Kitambaa chote kimechapwa picha ya matete makavu, mabua yaliyovunjika na majani ya kahawia, tena kwa ustadi kiasi kwamba ukiliweka juu ya tope la ukingoni na kwenda kujisaidia, utalitafuta. Alianzia 1,800. Nikamwambia zipu ya mfuko mmoja imekufa, na kibandiko cha kampuni kimefutika hata haijulikani ni la nani. Akanijibu kwamba mimi sivai kibandiko. Tulikutana kwenye 1,100, nikaona nimebahatika, yeye akaona amebahatika zaidi, maana wenzake walikuwa wameshamwambia hilo litalala.

Miezi ya kwanza nililivaa bila kulielewa. Ni koti lenye mambo mengi ambayo huoni yanafanya nini. Kifuani kuna mifuko miwili mikubwa yenye kifuniko kizito kinachojifunga kwa sumaku, na ndani yake kuna mistari ya vitanzi vya mpira, kila kitanzi kinaingia kidole gumba. Nyuma ya mifuko hiyo kuna mifuko mingine, iliyotandikwa manyoya laini, ya kuingizia mikono ubavuni. Viganjani mikono ya koti imezibwa kwa mpira ule wa nguo za wapiga mbizi, unabana hadi unaacha alama. Kwenye ukosi kuna pete ya chuma isiyoshika chochote. Mgongoni, kwa chini, kuna mfuko mpana kuliko mfuko wa barua, umetandikwa mpira ndani, unafunguka kutoka ubavuni. Halafu ajabu kubwa: koti lote ni fupi, linaishia kiunoni. Koti zito la mvua linaloishia kiunoni! Nilidhani limekatwa.

Aliyenifumbulia ni mgeni mmoja, mzee kutoka Wisconsin, Marekani, aliyekuja kuona ndege baada ya kustaafu. Nilimpitia hotelini saa kumi na moja alfajiri nimevaa koti langu. Hakunisalimia. Alinishika bega, akanigeuza, akafungua mfuko wa mgongoni, akacheka peke yake. Akaniuliza kwa nini mtu wa Malindi amevaa nguo ya kuwindia bata.

Asubuhi ile tulichelewa kuwaona ndege, kwa sababu mzee alianza kunisomesha koti langu, na mimi sikumkatiza.

Vile vitanzi ni vya risasi za bunduki ya marisaa, na kifuniko ni cha sumaku kwa kuwa mtu mwenye glavu hawezi kuhangaika na kifungo huku bata wanapita. Kwa bata anaruhusiwa bunduki isiyobeba zaidi ya risasi tatu kwa mpigo, na tangu 1991 marisaa ya madini ya risasi (ledi) yamekatazwa kwa ndege wa majini Marekani nzima. Wanatumia ya chuma na mengine yasiyo na sumu, kwa sababu bata walikuwa wakimeza yale ya zamani kutoka chini ya maji na kufa. Pete ya ukosini ni ya kuning'inizia filimbi ya kuita bata. Mpira wa viganjani ni wa kuzuia maji yasipande unapotumbukiza mkono kupanga bata wa bandia majini. Mfuko wa mgongoni ni wa kuwekea bata aliyekwisha kufa, damu isikuloweshe. Na ule ufupi? Mwindaji huvaa suruali ya mpira inayofika kifuani, anasimama ndani ya maji hadi mapajani. Koti refu lingeburura majini.

Hapo nikaelewa kwa nini kila nikikaa juu ya mchanga wa Sabaki, juu ni pakavu na makalio yamelowa. Hii ndiyo kasoro kubwa ya koti kwa matumizi yetu, na haina dawa isipokuwa kutandika gunia. Mimi natandika gunia.

Nikamuuliza mzee kwa nini mtu atengenezewe nguo ya ufundi wote huu kwa ajili ya bata. Jibu lake lilikuwa refu, na nusu yake lilihusu siku moja tu ya mwaka: siku msimu unapofunguliwa. Kwao kaskazini huwa mwishoni mwa Septemba. Majimbo ya kusini hungoja hadi Novemba, bata wanapoteremka kukimbia barafu. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakuna anayelala vizuri. Magari yanafika ukingoni gizani yakivuta mashua, watu ambao hawajaonana tangu mwaka uliopita wanasalimiana kwa minong'ono, vijana waliofikia umri wanapelekwa na babu zao kwa mara ya kwanza, mbwa wanatetemeka kwa hamu. Kila mmoja amenunua leseni, na kila aliyefika miaka 16 lazima awe na stempu ya bata ya serikali kuu, kibali cha kulipia. Sheria inaruhusu kufyatua kuanzia nusu saa kabla ya jua kutoka. Kabla ya hapo bata wanapita juu ya vichwa, unasikia mabawa, na watu wazima wenye silaha wamekaa kimya wakitazama saa.

Nilipomsikia akieleza nikaona ni belo lile lile. Tofauti ni kwamba wenzetu wanangoja dakika ifike.

Lakini mzee alipofika kwa bata wa miti, sauti ilibadilika. Alikuwa ametia mkono ndani ya mfuko wangu wa mgongoni, akipapasa mshono, akatoa kinyoya kidogo, cha rangi ya ndizi mbivu, chenye mistari myeusi myembamba iliyopita kwa upana. Akakiangalia kwenye mwanga wa simu. Akasema hiki ni cha ubavuni mwa bata wa miti, dume, na kwamba wavuvi kwao hukitafuta sana kufungia ndoana, iwe mdudu wa bandia.

Bata huyu, Aix sponsa kwa jina la kitaalamu, haji kwetu. Ni wa Amerika Kaskazini. Baadaye mzee alinionyesha picha zake na nikakubali, ingawa sisi watu wa pwani hatuna uhaba wa ndege wa rangi. Dume ana kichwa cha kijani na zambarau, kishungi kimelazwa nyuma hadi shingoni, mistari myeupe imechorwa usoni, jicho jekundu, kifua cha hudhurungi chenye madoa meupe, na ubavuni ndio huo umanjano wa kinyoya. Jike ni wa kijivu, lakini amezungushiwa wanja mweupe machoni, unaochuruzika nyuma. Anayesema jike hana uzuri hajamtazama.

Uzuri peke yake, mzee alisema, haumtoi mtu kitandani. Kinachomtoa ni vile ndege huyu anavyokuja. Bata wengine wanazunguka juu ya maji ya wazi, wanasikiliza filimbi, wanafikiria, wanarudi. Bata wa miti hana mazungumzo. Analala kwenye vinamasi vya msituni, na mwanga wa kwanza ukitoka anapita katikati ya miti kwa kasi, akijipinda kukwepa matawi, na kabla hujamwona umesikia jike akipiga yowe jembamba linalopanda. Dakika chache, wamekwisha. Ukichelewa kufunga kamba ya kiatu, umewakosa hadi kesho. Kwa vile wanapita pale pale mapambazuko yanapoanza, saa ya sheria na saa ya bata zinagombana, na nusu ya hadithi za siku ya kwanza, kwa maelezo yake, ni za bata waliopita dakika kumi kabla.

Anataga ndani ya matundu ya miti. Siku moja baada ya vifaranga kuanguliwa, mama anashuka chini na kuita, nao wanajirusha mmoja mmoja kutoka tunduni, pengine mita 15 au zaidi, wanadunda kwenye majani makavu, wanainuka na kumfuata hadi majini. Nilimwambia mzee asinidanganye. Akanionyesha video.

Na ndege huyu aliponea chupuchupu. Mwanzoni mwa karne iliyopita misitu ya vinamasi ilikuwa imekatwa, miti mikubwa yenye matundu imekwisha, na watu walikuwa wakiwapiga bata kwa ajili ya masoko na manyoya yao. Wengi waliamini anatoweka. Kuanzia 1918 kumwinda kulipigwa marufuku Marekani, na hakufunguliwa tena hadi 1941. Katikati ya hapo, miaka ya 1930, watu walianza kumtengenezea nyumba za mbao na kuzisimamisha juu ya nguzo majini, akakubali kutaga humo. Leo ni miongoni mwa bata wanaowindwa sana upande wa mashariki wa nchi ile. Katika jimbo lake, mzee alisema, mtu anaruhusiwa bata sita kwa siku, na wa miti wasizidi watatu. Stempu nayo ilianza 1934, sasa ni dola 25, na karibu fedha zake zote zinakwenda kununulia na kuhifadhia ardhi zenye maji.

Hapo mimi na mzee tulivutana kidogo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 1977, nami nimekua ndani ya marufuku hiyo; kula kwangu kunategemea ndege aliye hai kesho na keshokutwa. Siwezi kumpenda mtu anayempiga risasi ndege aliyenielezea uzuri wake kwa muda wa saa nzima. Hata hivyo, nilipofikiria Ziwa Jilore, linavyoungojea Mto Sabaki ufurike ndipo lijae, na mwaka mwingine limekauka hadi mbuzi wanapita, nilimuuliza mzee stempu ile kama inauzwa kwa wasiowinda. Akasema inauzwa, yeye ana za miaka ambayo hakufyatua hata moja.

Kwa hivyo siku iliyofuata nilimpeleka Jilore, na koti nikalivaa. Maji yalikuwepo, mayungiyungi yamefunika ukingo. Tulikaa chini ya mti tangu giza, mimi sijatikisika, na hapa koti lilistahili sifa zake zote: halina sauti. Kitambaa cha nje kimekwanguliwa kikawa na vinyweleo, ukiinua darubini husikii kitu. Bata wapiga mbinja walipita juu yetu kundi zima, nyuso nyeupe, wakipiga mbinja zao. Kisha mzee akanigusa goti. Kati ya mayungiyungi kulikuwa na bata bukini wale wadogo kabisa, Nettapus auritus, jozi. Mimi nimewaonyesha wageni wengi, wanapiga picha, tunaendelea. Mzee alikataa kuendelea. Dume ana uso mweupe, kichwa cha kijani kinachong'aa, shavuni kibandiko cha kijani kibichi kilichozungushiwa weusi, mdomo wa manjano, ubavu wa rangi ya machungwa. Uzito wake haufiki nusu ya yule wa kwao. Anakula mbegu za yungiyungi. Nilipomwambia kwamba huyu naye hutaga kwenye matundu ya miti, aliweka darubini chini akanitazama kana kwamba nilimficha jambo tangu jana.

Turudi kwenye koti, maana najua mwaka huu kuna wengine wameingia kwenye mabelo.

Mvua: masika yote halikupitisha maji mabegani wala kofiani. Linapitisha kwenye mshono wa kwapa la kushoto, nadhani kwa uzee. Upepo haupiti kabisa. Joto: hadi saa moja na nusu asubuhi ni raha, saa mbili livue, saa tatu hata kulibeba mkononi ni adhabu. Manyoya ya mifuko ya mikono hukaa na unyevu, na kwa hewa yetu ya chumvi yakikaa siku mbili kwenye begi yanatoa harufu ya ukungu; lianike kivulini, si juani, mpira wa viganjani unapasuka. Zipu kubwa ya mbele ni ya plastiki nene, haijanisumbua. Ile ndogo ya mfuko ni ya chuma, na chuma na Malindi mnajua habari zao. Fundi alinibadilishia kwa 150.

Kufua: nina ushahidi wa kutosha. Nilipofika nyumbani na kumsimulia mke wangu habari za mzee, alisikiliza vizuri hadi pale nilipotaja mbwa anayeleta bata mdomoni na bata kuingizwa kwenye mfuko. Koti likatolewa nje usiku ule ule. Lilifuliwa mara saba, moja kwa udongo, mfuko wa mgongoni umegeuzwa nje ndani. Rangi haikutoka hata kidogo. Kinyoya kilikuwa kimeshaondoka na mzee, nilimpa.

Vitanzi vya risasi vinashika kalamu, betri za tochi na mirija ya dawa ya mbu. Mfuko wa mgongoni unaingia kitabu cha ndege, chupa ya maji na mahamri yaliyofungwa gazeti, na mahamri hayapondeki kama hutaegemea.

Jambo la rangi lichukueni kwa uzito. Kuvaa nguo inayofanana na sare ya jeshi bila idhini ni kosa hapa Kenya. Matete si sare ya jeshi, mama muuzaji alisema kweli, lakini maelezo hayo utakuwa unayatoa umeshasimamishwa barabarani na abiria wote wa matatu wanakutazama. Bahati nzuri ndani yake ni kahawia tupu. Mimi nalivaa nje ndani hadi nivuke daraja la Sabaki, kisha nageuza. Baba mkwe hajaridhika hata na hilo. "Mwanangu," ananiambia, "ukitaka kujificha kwa ndege, usionekane kwa serikali." Na kusema kweli, kwa upande wa ndege, sioni kama picha ya matete inasaidia sana mdomoni mwa Sabaki, ambako sehemu kubwa ni mchanga na tope tupu. Ndege wanamkimbia anayetikisika. Koti la rangi moja, la kitambaa kisicho na sauti, lingefanya kazi hii hii bila maneno ya watu. Tatizo ni kwamba kitambaa hicho sijakiona kwenye koti lingine lolote la bei hii.

Anayelitaka: yule mama ana jingine, kubwa zaidi, la matete yale yale, mkono mmoja umechanika kwenye kiwiko. Anataka 900. Nimempa 600 kwa ajili ya kijana wangu wa kubeba darubini, amekataa, na jana nimepita nimeona amelihamishia mbele, limeandikwa "Koti la Uvuvi".